Mmea Ambao Bwana Shamba Hakuutaja

Jumamosi, tarehe 9 Machi, mwaka 1974, soko la Mbulu Mjini liliamka ndani ya ukungu. Harufu ya mikaratusi iliyolowa ilishuka kutoka Bomani ikachanganyika na moshi wa mahindi ya kuchoma. Wanawake waliojifunika mablanketi walikuwa wamekwisha kupanga viazi, njegere na vitunguu vyao. Kati yao aliketi Verediana Margwe, binti wa kijiji cha Tlawi, nyuma ya miche yake ya kabichi. Alivaa gauni la kitenge cha rangi ya chungwa, sweta ya bluu aliyoifuma mwenyewe, na kitambaa cheupe kichwani. Mikono yake ilikuwa na udongo, lakini kucha zake zilikuwa safi.

Kivuli kirefu kiliiangukia miche.

"Hii ni miche ya nini, dada?"

"Kabichi. Kwani huoni?"

"Naona. Ndiyo maana ninauliza."

Verediana akainua macho. Alimwona kijana mrefu mwenye shati la kola pana, suruali ya bugaluu iliyopanuka chini na viatu vya raizoni vya soli nene vilivyojaa tope. Mtu wa namna hiyo, alijiambia, hakuja sokoni kununua miche.

"Una pakiti ya mbegu zake?" kijana akauliza.

"Ya nini? Unataka kunikamata?"

"Nataka kuisoma tu."

Alimpa kwa shingo upande. Kijana akaigeuza kuelekea kwenye mwanga. "Imeandikwa kwa Kiingereza, cauliflower. Hii si kabichi, dada. Hii ni ile inayotoa ua jeupe katikati."

Wanawake wa jirani wakageuza shingo. Verediana akainyakua pakiti yake. "Nani amekutuma uniharibie biashara? Ni wale wauza miche wa kijiji cha Daudi?"

"Sijatumwa na mtu. Ninaitwa Thadei Mlay. Mimi ni bwana shamba mpya."

"Bwana shamba huvaa bugaluu?"

Kicheko kilipita sokoni kama upepo katika mtama. Thadei naye akacheka, akachuchumaa mpaka macho yao yakalingana. "Tufanye hivi. Panda mche mmoja mlangoni kwenu. Ukifunga kichwa cha kijani, nitakuja kukuomba radhi mbele ya soko hili lote. Ukitoa ua jeupe, wewe utakuja bustanini kwangu kujifunza majina."

"Na nisipokuja?"

"Utaendelea kuuza ua kwa jina la kabichi."

Mche ukatoa ua jeupe. Wateja walirudi wakilalamika, na Verediana akapata aibu ambayo hakuwa ameitafuta. Alikuwa amejifunza kusoma na kuandika Kiswahili katika kisomo cha watu wazima, akawa miongoni mwa wa kwanza darasani. Sasa aligundua kwamba pakiti za mbegu zilikuwa zikimcheka kwa lugha nyingine. Tena chama cha kina mama cha kijijini kilikuwa kimepata nafasi ya kupeleka mboga na maua Katesh, kwenye nyumba ya wageni wa mashamba ya ngano, na maagizo ya huko yaliandikwa kwa Kiingereza. Kina mama walimchagua yeye ajifunze kwa niaba ya wote. Basi akaenda, akajitanda kanga mbili na kukunja uso.

Bustani ya Thadei ilizunguka nyumba ndogo ya serikali iliyoezekwa kwa bati. Hakufundisha kwa ubao. "Kwanza uguse mmea," alimwambia, "kisha unuse, ndipo utaje." Verediana alishika jani lenye manyoya la karoti, akasema "carrot." Alivunja ncha ya kitunguu, machozi yakamlengalenga, akasema "onion." Alijifunza spinach na beetroot, akajifunza marigold linalonuka vikali na kufukuza wadudu. Alijifunza hata mwiba, akasema "thorn" huku akinyonya kidole.

"Umeumia, Kolifulawa wangu?"

"Usiniite hivyo. Na tangu lini nimekuwa wako?"

"Tangu ua lilipotoka jeupe."

Alijikausha asicheke, lakini njia ya kurudi Tlawi siku hiyo ilikuwa fupi kuliko siku zote.

Hata hivyo, moyo wa Verediana haukuwa mlango wa kusukumwa na kila mpitaji. Dada yake mkubwa, Odilia, alikuwa amependwa na karani aliyehamishiwa Mbulu kutoka mkoa mwingine. Karani huyo alikuja na maneno matamu na redio ya mkononi. Alipohamishwa tena aliondoka na redio yake, akamwachia Odilia mimba, na baadaye ikasikika kwamba alikuwa na mke wa ndoa huko alikotoka. Tangu hapo nyumba ya Mzee Margwe iliwatazama watumishi wa kuhamishwa kama mkulima amtazamavyo tumbili: hata akiketi tu juu ya mti, ujue anahesabu mahindi.

"Huyo bwana shamba ana watu?" Mzee Margwe aliuliza jioni moja, baada ya kuitikia shikamoo ya binti yake.

"Anao, baba. Kwao ni Kilimanjaro."

"Waje basi. Mtu asiye na mkubwa wa kumtangulia, mimi nitazungumza na nani? Na suruali yake?"

Verediana alimfikishia Thadei maneno hayo bila kuyapunguza. Thadei aliitika haraka, kisha akatazama chini. "Nipe muda kidogo, mpenzi. Baada ya mavuno ya ngano."

Ngano ikavunwa. "Baada ya Krismasi," akasema. Krismasi ikapita, mwaka 1975 ukaingia, na Thadei bado alikuwa akiomba muda. Odilia alikuwa akipepeta maharage, akasema bila kuinua uso, "Hata yule wangu alipenda sana neno hilo, baada ya."

Tena kulikuwa na ule mmea.

Ulikuwa nyuma ya nyumba ya Thadei, karibu na dirisha la chumba cha kulala: shina jembamba lenye majani marefu ya kijani, mapana kama mkanda. Tlawi hakuna aliyepanda kitu kama hicho. Thadei aliuleta kwa basi kutoka kwao, mizizi yake ikiwa imefungwa katika gunia bichi, na aliumwagilia yeye mwenyewe asubuhi kabla ya kunywa chai. Katika masomo yao yote alikuwa akiupita kama mtu anayepita nyumba anayodaiwa.

Siku moja Verediana alisimama mbele yake. "Na huu? Kwa Kiingereza unaitwaje?"

"Huo hauna Kiingereza."

"Hata magugu umenifundisha kuwa ni weeds. Huu tu ndio ukose jina?"

"Tuendelee na njegere, Veredi."

"Nani aliupanda?"

"Umetoka nyumbani." Akageuka. "Sema njegere."

"Peas," alisema Verediana, lakini moyo wake ulisema neno jingine.

Masika yalipoanza, Thadei alipelekwa Katesh kwa kazi ya siku chache. Walikubaliana kwamba angepiga simu katika duka moja la mjini lililokuwa na simu kwenye kaunta. Duka hilo lilisimamiwa na Genoveva, rafiki wa Verediana tangu kisomo, mwanamke mnene mwenye nywele za kusuka na maneno yasiyosukika.

"Halo! Halo! Katesh?" Genoveva alipaza sauti kana kwamba angefika Katesh bila waya. "Yupo, amesimama hapa, amejipaka mafuta kama anakwenda kuonekana! Haya, chukua."

"Kolifulawa wangu," sauti ya Thadei ilifika nyembamba.

"Watu wanasikia, wewe."

"Wasikie. Huku mlima umejifunika mawingu. Mpishi wa wageni anaulizia maua ya mezani. Utamwambia una nini?"

"Marigold. Na roses. Na..." Alifumba macho, akakumbuka harufu. "Na sweet peas."

"Umefaulu. Nikirudi nitakupa zawadi."

"Zawadi yangu unaijua. Ilete ikiwa imetembea kwa miguu yake, ina mkubwa mbele yake, na ipige hodi kwa baba."

Thadei akakohoa kwenye waya.

"Veredi, nivumilie kidogo tu."

"Mpaka baada ya nini safari hii?"

Simu ikakatika. Yawezekana ilikuwa mvua. Yawezekana haikuwa mvua.

Genoveva alifuta kaunta iliyokuwa safi. "Shoga yangu, mimi si mtu wa kupeleka maneno."

"Lakini?"

"Lakini huyu bwana wako huja hapa kila Ijumaa jioni. Huomba simu ya Kilimanjaro, kwenye hospitali ya misheni. Huzungumza Kichaga, na anayeitika ni mwanamke. Humwita Severina."

"Labda ni dada yake."

"Dada hubembelezwa hivyo? Ijumaa iliyopita alikuwa karibu kulia. Kichaga sikijui, lakini maneno mawili niliyapata, Jumamosi na Mbulu. Akarudia, Jumamosi na Mbulu. Kisha akafurahi, akanunulia watu wote soda."

Verediana alishika ukingo wa kaunta. Sasa kila kitu kilikaa mahali pake, naye hakukipenda kilivyokaa. Kulikuwa na mke. Mke ndiye aliyeupanda mmea ule, ndiyo maana ulimwagiliwa kabla ya chai. Na mke alikuwa akija Jumamosi.

Alhamisi Thadei alirudi. Akaja bustanini na shati safi, macho yake yaking'aa kuliko kawaida.

"Jumamosi usiende mbali," alimwambia. "Kuna mtu nataka umwone."

"Mtu gani?"

"Nikikwambia sasa na asije, nitaaibika. Subiri tu."

"Ijumaa huwa uko wapi jioni?"

Thadei akashtuka. "Huwa nina shughuli ya nyumbani."

"Nyumba ipi? Hii, au ile yenye mwenyewe?"

Kabla hajajibu, gari la Idara ya Kilimo lilipiga honi nje. Kulikuwa na panya shambani Yaeda Chini, na bwana shamba alitakiwa mara moja. Aliruka ndani na koti lake la mvua, akapaza sauti dirishani, "Nitarudi kesho! Veredi, nitarudi kesho!"

Lakini kesho yake mvua ilinyesha kutwa nzima, na njia ya Yaeda Chini ikageuka tope jeusi. Thadei hakurudi.

Jumamosi asubuhi Verediana alipita nyumbani kwake kuchukua miche ya chama iliyooteshwa pale. Alipofungasha miche alikosa kamba. Huko kwao kila muuza miche hufunga mafungu yake kwa jani refu lolote, analizungusha mara moja na kulipiga fundo. Akatazama huku na huku. Macho yake yakatua nyuma ya nyumba.

Alisimama kwa muda. Kisha akachomoa kisu.

"Kama hauna Kiingereza," aliuambia ule mmea, "leo nitakupa kazi ya Kiswahili."

Alikata jani baada ya jani, akaacha moja tu dogo kileleni, pengine kwa haraka, pengine kwa huruma asiyoikubali. Alifunga mafungu yake yote kwa majani yale, akakaza mafundo kwa meno. Mke wa bwana shamba ashuke kwenye basi, alisema moyoni, akute mmea wake wa mapenzi ukifunga miche ya kabichi mbele ya soko. Naye alijua safari hii kwamba ni cabbage. Alikuwa ameisoma pakiti mwenyewe.

Akatandika gunia lake karibu kabisa na kituo cha basi.

Basi la Arusha lilifika saa nane, limepakwa tope mpaka madirishani. Verediana aliwatazama wanaoshuka mmoja mmoja. Alishuka bibi mwenye kuku. Akashuka padri. Akashuka mama mjamzito, na moyo wa Verediana ukaruka, lakini mume wake alikuwa akimngoja na mwavuli. Kisha akashuka mwanamume wa makamo, mrefu, amevaa koti jeusi la suti na kofia ya felti. Baada yake kondakta akafunga mlango.

Hakuna Severina.

Mwanamume yule alisimama, akatazama kulia na kushoto. Alingoja. Uso wake ulianza kukunjamana kwa hasira ya mtu aliyetarajia kudharauliwa na kumbe amedharauliwa kweli. Verediana alimsikia akimwuliza kondakta, "Basi la kurudi linaondoka lini?"

"Likishapakia tu, mzee. Usiende mbali."

Yule mgeni akageuka, na macho yake yakaangukia miche. Akaivua kofia yake. Alikuja polepole, akainama, akachukua fungu moja kwa mikono miwili kama mtu anayepokea kitu madhabahuni.

"Binti," alisema. "Nani amefunga hili fundo?"

"Shikamoo. Ni mimi."

"Marahaba. Nani amekutuma unipokee nalo?"

"Sijatumwa na mtu." Alijisikia akisema maneno aliyowahi kuambiwa mahali pale pale. "Ni kamba tu ya miche, mzee."

"Jani limetoka wapi?"

Alikuwa na paji la uso la Thadei. Alikuwa na mabega ya Thadei pia, yamezeeka kidogo. Verediana akajibu, "Kwa bwana shamba. Bwana Mlay."

Mgeni aliketi chini, juu ya gunia, na suti yake yote. "Mimi ni Dionis Mlay. Thadei ni mdogo wangu. Tuligombana juu ya shamba la baba. Alinitamkia neno ambalo mdogo hamtamkii mkubwa, nami nikaapa kwamba sitasimama mbele ya wakwe kwa ajili yake. Mke wangu ni muuguzi. Kila Ijumaa huyu mtoto humpigia simu hospitalini, anamlilia shemeji yake, 'Severina, niombee kwa kaka.' Nimechoka kusikia. Nimekuja kumwambia kwa mdomo wangu kwamba sitaki. Na nilipofika sikumkuta hata kituoni."

"Amekwama Yaeda Chini," Verediana alisema kwa sauti ndogo. "Ni mvua, mzee. Ni mvua kweli."

Dionis alilipapasa lile fundo. "Huu kwetu ni masale. Mtu akikukosea, hata akiwa amekuumiza vipi, akikuletea jani hili limefungwa, huwezi kukataa kumsamehe. Ukikataa, kosa linahamia kwako. Nimesafiri tangu jana nikiandaa maneno makali, na kitu cha kwanza nilichopokelewa nacho ni masale." Akacheka huku akijifuta macho kwa kofia. "Tena si moja. Gunia zima!"

"Sikujua, mzee. Nilikata kwa hasira. Nilidhani..." Hakuweza kumaliza.

"Wewe ndiwe Verediana?"

"Ndiyo."

"Basi mwambie kondakta apakie bila mimi."

Thadei aliingia mjini jua likielekea kuchwa, amepanda nyuma ya trekta, ana tope mpaka kwenye nyusi. Aliruka kabla halijasimama, akakimbilia kituoni. Hapakuwa na basi. Akakimbilia nyumbani, akaenda moja kwa moja nyuma, kwenye lile dirisha, na Verediana aliyekuwa amesimama kwenye baraza ya nyuma akamwona akishika kichwa kwa mikono miwili mbele ya shina lililonyolewa.

"Nani?" Thadei alisema. "Nani amenifanyia hivi? Kaka amekuja amerudi, na hata jani sina!"

Verediana alishuka ngazi. Mkononi alikuwa na lile jani dogo la mwisho, na katikati yake kulikuwa na fundo moja. Alilinyosha kwa mikono miwili, kama alivyomwona Dionis akipokea.

"Ni mimi. Nilikudhania mabaya, nikakata. Wewe ulinificha, lakini mimi sikuuliza mpaka nipate jibu, nilijijibu mwenyewe."

Thadei alilitazama jani, akamtazama yeye. "Nani amekufundisha haya?"

"Mimi!" sauti ikatoka ndani ya nyumba. "Na chai yako haina sukari ya kutosha!"

Thadei akageuka. Mlangoni alisimama Dionis bila koti, kikombe mkononi. Kisha mdogo akainama, tope na yote, na mkubwa akamwekea mkono begani.

"Nimekwisha kupokea masale yako," Dionis alisema. "Aliyeyaleta hakujua ameyaleta, nayo yamefanya kazi. Hilo lingine ni lenu."

Thadei akalipokea jani la Verediana. "Umenifunga. Nikikataa, kosa ni langu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa sababu ningekutajia jina, ungeuliza kazi yake. Na ningekutajia kazi yake, ungejua kwamba bwana shamba wako amefukuzwa na kaka yake. Niliona haya, mpenzi."

"Kumbe una jina la Kiingereza?"

"Liko vitabuni. Lakini jina hilo halijui kusamehe." Akamshika mkono wenye udongo. "Verediana Margwe, Kolifulawa wangu, kesho nitapanda Tlawi na mkubwa wangu mbele. Utakubali tukipiga hodi?"

Alimtazama kwa muda mrefu, kama alivyomtazama siku ya kwanza sokoni, akitafuta ujanja. Hakuuona.

"Kwa masharti," akasema. "Simu zako zote upige kwa Kiswahili mpaka mimi nijue Kichaga. Na kwa baba usije na bugaluu."

Kesho yake, jua la Jumapili likiukausha ukungu wa Tlawi, Dionis Mlay alitangulia na kofia mkononi, Thadei akafuata na suruali ya kuazima iliyomfikia juu ya kifundo cha mguu. Mzee Margwe aliwatazama tangu mbali wakipanda kilima. Odilia alitoka jikoni, akampa mgeni mkubwa kigoda, akasimama palepale mpaka baba yake alipowafungulia wageni mlango wote. Na kwenye uzio wa nyumba ile, kabla ya chai, Verediana alichimba shimo dogo na kupanda kipande cha shina lililonyolewa. Kilichipua kabla ya harusi.

Wewe uliyejaliwa kusoma haya, usiyafungie kabatini. Jirani yako ambaye bado hajaingia kisomo, msomee kwa sauti jioni mkimenya maharage. Naye akisha kujua herufi, mkabidhi karatasi hizi ampelekee mwingine, hasa yule ambaye leo ameshika kisu na hajauliza.